NAMNA YA KUWEKA AKIBA YA MASASISHO YA KOMPYUTA

Mhariri amenipa nafasi katika toleo hili nieleze jambo ambalo kwanza nilijifunza kwa aibu, kisha nikajifunza kwa bidii. Jambo lenyewe ni namna ya kuweka akiba ya masasisho ya kompyuta, ili kompyuta ikifutwa na kuanzishwa upya tusilazimike kuyavuta yote mara ya pili kutoka kwenye intaneti. Wenzangu wa Chama cha Kompyuta wanaijua habari hii, maana waliniona siku ile nilipotaabika. Lakini naandika kwa ajili ya wote: wanafunzi wenye kompyuta nyumbani, walimu wenye kompyuta mpakato, na wazazi ambao ndio wanunuzi wa bando.

Yafaa nianze na kosa langu mwenyewe.

Muhula uliopita kompyuta 6 za chumba chetu zilikuwa zimechoka sana. Ukiwasha moja, unaweza kwenda kunywa uji na kurudi, nayo bado inajinyoosha. Mwalimu wa kompyuta akaniruhusu nizifute na kuziwekea Windows upya, kazi ambayo mafundi wa mjini huiita kupiga windo. Nilikuwa na flashi niliyopewa na jamaa yangu, yenye Windows 10 toleo la mwaka 2019. Jumamosi nilifanya kazi tangu asubuhi. Ilipofika magharibi kompyuta zote 6 zilikuwa zikiwaka upesi kama mpya. Nikaziunganisha na ruta ya shule, nikaenda kula, nikalala usingizi wa mshindi.

Kumbe kompyuta hazikulala. Usiku kucha kila moja ilikuwa ikivuta peke yake vitu vile vile: kwanza toleo jipya la Windows, kisha masasisho ya usalama, kisha vitu vidogo vidogo visivyo na idadi. Kila kompyuta ilihitaji zaidi ya gigabaiti 3. Bando la shule lilikuwa gigabaiti 20, nalo lilinunuliwa kwa matumizi ya mwezi mzima. Jumapili asubuhi bando lilikuwa limekwisha, na katika zile kompyuta 6 hapakuwa na hata moja iliyomaliza kazi yake.

Jumatatu Mwalimu wa Taaluma akaketi ofisini ili aingize majina ya watahiniwa wa Kidato cha Nne katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Siku ya mwisho ilikuwa Jumatano. Intaneti hakuna. Basi akapanda basi kwenda mjini na karatasi zake mkononi, akakaa kwenye duka la intaneti hadi jioni. Huko akakuta majina mawili yana mashaka, na daftari la kuhakikisha limebaki shuleni. Jumanne ikambidi asafiri tena, na mvua ilikuwa ikinyesha. Alimaliza kazi kwa wakati, na hakuna mwenzetu aliyekosa mtihani. Aliporudi nilikwenda kumwamkia na kuomba radhi. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Kijana, umefanya kazi nzuri kwa njia mbaya. Katafute njia nzuri, kisha uwafundishe wenzako." Makala haya ndiyo malipo ya deni hilo.

MASASISHO NI NINI?

Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni sanduku tupu lenye taa. Mfumo endeshi ndio msimamizi wa nyumba nzima. Ndio unaopokea unachoandika kwa vidole, ndio unaojua faili zimewekwa wapi, ndio unaozigawia programu nafasi ya kufanya kazi, na ndio unaomfungulia mgeni mlango au kumfungia. Windows ni mfumo endeshi. Ubuntu ni mwingine.

Mifumo hii huandikwa na binadamu, nayo ina mamilioni ya mistari ya maagizo. Kazi kubwa namna hiyo haikosi makosa. Baadhi ya makosa ni madogo, kama picha kutokea mahali pasipo pake. Mengine ni kama nyufa katika ukuta wa nyumba, ambamo mwizi akiingiza mkono anaweza kufungua komeo kwa ndani. Watengenezaji wakigundua ufa huandika kipande cha kuuziba, na kipande hicho ndicho sasisho. Kampuni ya Microsoft, yenye Windows, imekuwa na desturi tangu Oktoba 2003 ya kutoa masasisho yake ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki hutoka saa 2 au saa 3 usiku, kwa kufuata majira ya Marekani.

Huenda mzazi akauliza, "Je, nisipoyaweka, kuna hasara gani? Kompyuta yangu si inafanya kazi?" Nitajibu kwa mifano miwili ya kweli.

Tarehe 13 Aprili 2004 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa fulani katika Windows. Siku 17 hivi baadaye, mwishoni mwa mwezi huo huo, mdudu wa kompyuta aitwaye Sasser akaanza kuenea duniani. Mdudu huyu hakungoja mtu afungue barua wala abonyeze kitu. Kompyuta isiyozibwa ufa ikiunganishwa tu na intaneti, mdudu aliweza kuingia, na kompyuta ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Aliyemtunga alikuwa kijana mwanafunzi wa Ujerumani. Alikamatwa mwezi uliofuata, na mwaka 2005 mahakama ikamtia hatiani.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi. Tarehe 14 Machi 2017 lilitolewa sasisho la kuziba ufa mwingine. Tarehe 12 Mei 2017, yaani karibu miezi miwili baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika ufa huo huo. Kilizifunga faili za watu kwa siri ya tarakimu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Kwa siku chache kilipiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali nyingi za Uingereza zilishindwa kufungua habari za wagonjwa wao. Wagonjwa wakaambiwa warudi nyumbani, na magari ya wagonjwa yakapelekwa hospitali nyingine. Angalieni tarehe hizo vizuri. Katika mifano yote miwili dawa ilikuwa imekwisha kutoka kabla ugonjwa haujafika. Walioumia sana ni wale ambao dawa ilikuwapo nao hawajainywa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUFUTA KOMPYUTA KUNARUDISHA NYUFA

Sasa tuje kwenye kiini cha habari. Ukiifuta kompyuta na kuiwekea mfumo endeshi upya, unairudisha siku ile flashi yako ilipotengenezwa. Mimi nilitumia flashi ya mwaka 2019. Maana yake ni kwamba kila ufa uliozibwa tangu mwaka 2019 ulifunguka tena katika kompyuta zote 6 kwa siku moja, kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha, kompyuta zikiwa uchi namna hiyo, nikaziunganisha na intaneti usiku kucha!

Basi faida za kuweka akiba ni mbili. Ya kwanza ni fedha: kitu kilichokwisha kuvutwa mara moja hakivutwi mara 6. Ya pili ni usalama: kompyuta huvaa nguo zake ndani ya nyumba kabla ya kutoka barabarani.

NJIA ISIYOFAA

Kabla sijaeleza njia zinazofaa, nataja ile isiyofaa, maana mimi nilianza nayo na wengi huanza nayo. Ndani ya Windows mna folda ambayo masasisho hufikia yakitoka kwenye intaneti. Njia yake ni C:\Windows\SoftwareDistribution\Download. Nilidhani nikiinakili folda hii kwenye flashi na kuirudisha baada ya kufuta, kazi itakuwa imekwisha. Haikuwa hivyo.

Sababu zake ni hizi. Vitu vilivyomo mara nyingi ni vipande vilivyochaguliwa kwa hali ya kompyuta ile ile wakati ule ule, mfano wa nguo iliyokatwa na fundi kwa mwili wa mtu mmoja. Tena daftari linaloonyesha kipande kipi ni cha kazi gani hufutika pamoja na mfumo wa zamani. Juu ya hayo, Windows yenyewe husafisha folda hiyo baada ya muda, hata ukienda kutafuta hukuti kitu. Kwa hiyo msipoteze wakati wenu hapo.

NJIA INAYOFAA, HATUA KWA HATUA

Kwanza, ijue kompyuta yako. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika neno winver, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Kitatokea kibao kinachotaja toleo la mfumo wako. Za hapa shuleni ni Windows 10 toleo la 22H2, ambalo lilitoka Oktoba 2022 na ndilo toleo la mwisho la Windows 10. Jua pia kama ni ya biti 32 au ya biti 64, maana masasisho yake ni mbalimbali. Ya biti 32 huandikwa x86, na ya biti 64 huandikwa x64. Yaandike haya katika daftari, usiyategemee kichwani.

Pili, tengeneza flashi mpya ya kuwekea mfumo. Microsoft hutoa bure programu iitwayo Media Creation Tool. Ukiiendesha hupakua toleo zima na kuliandika kwenye flashi isiyopungua gigabaiti 8. Kumbuka kwamba huifuta flashi yote, kwa hiyo usitumie yenye picha za harusi ya dada yako. Hatua hii peke yake ingaliniokoa. Sehemu kubwa ya bando lile ilikwenda katika kuipandisha kila kompyuta kutoka toleo la 2019 hadi 22H2. Flashi ikiwa na 22H2 tangu mwanzo, safari hiyo ndefu haipo tena.

Tatu, pakua sasisho la jumla. Ipo tovuti ya Microsoft iitwayo Microsoft Update Catalog, kwa anwani catalog.update.microsoft.com. Ni ghala la wazi, huhitaji kujiandikisha. Kila sasisho lina nambari inayoanza na herufi KB. Ukiandika nambari hiyo mahali pa kutafutia, huonyeshwa faili zake. Chagua inayolingana na toleo lako na biti zako, uipakue, uiweke kwenye flashi nyingine. Jina la faili huishia na .msu.

Hapa pana habari njema. Zamani za Windows 7, mtu aliyeanza upya alitakiwa kuweka masasisho mengi sana, moja moja. Lakini tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, sasisho la mwezi hubeba ndani yake masasisho ya miezi yote iliyotangulia ya toleo hilo. Maana yake huhitaji gunia la faili. Faili moja ya karibuni yatosha. Ya kompyuta zetu haikufika gigabaiti 1. Iko pia faili ndogo ya mfumo uitwao .NET, nayo hutafutwa kwa njia hiyo hiyo.

Wenye Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka mwaka 2024, waangalie jambo moja. Toleo hilo lina masasisho ya kituo, ambayo ni lazima yatangulie kabla ya yale ya baadaye. Mfano wake ni KB5043080 la Septemba 2024. Tovuti ikikupa faili mbili kwa sasisho moja, zipakue zote mbili na kuziweka katika folda moja.

Nne, hifadhi madereva. Katika kompyuta, dereva ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kutumia kipande fulani cha mtambo, kama vile kadi ya mtandao, sauti au kioo. Nimeona kompyuta iliyofutwa ikashindwa kuijua kadi yake ya mtandao. Haikuweza kufika kwenye intaneti ili kumtafuta dereva ambaye angaliiwezesha kufika kwenye intaneti! Dawa yake ni kuwahifadhi kabla ya kufuta. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, kisha andika hivi, ikiwa flashi yako ni D na umekwisha kutengeneza folda ndani yake iitwayo madereva:

dism /online /export-driver /destination:D:\madereva

Baada ya kuweka Windows upya, utawarudisha kwa amri hii:

pnputil /add-driver D:\madereva\*.inf /subdirs /install

Kila kompyuta ya aina yake iwe na folda yake, msiwachanganye madereva wa mitambo mbalimbali.

Tano, chukua kumbukumbu za mlinzi. Windows huja na mlinzi wake wa virusi aitwaye Microsoft Defender. Mlinzi huyu anafanana na askari mwenye orodha ya wezi. Orodha ikiwa ya zamani, mwizi wa jana hamjui. Microsoft hutoa orodha hii kama faili ya kupakua, nayo huitwa mpam-fe.exe. Kwa kuwa hubadilika mara nyingi kila siku, haifai kuiweka akiba kwa miezi. Ipakue siku moja kabla ya kazi.

SIKU YENYEWE YA KAZI

Haraka haraka haina baraka. Siku ya kazi fuata utaratibu huu, wala usiruke hatua.

1. Nakili kazi za watu wote zilizomo, yaani barua, alama za mitihani, picha na mengineyo, kwenye diski ya nje. Kisha fungua faili chache huko huko kwenye diski uone kama zinafunguka. Masasisho yakipotea yanaweza kuvutwa tena. Alama za muhula mzima zikipotea hakuna ghala la kuzitoa.

2. Hifadhi madereva, kama nilivyoeleza.

3. Chomoa waya wa mtandao, au zima ruta.

4. Futa kompyuta na uweke mfumo kwa flashi mpya. Ikiuliza ufunguo, nawe kompyuta hiyo hiyo ilikuwa na Windows 10 halali, ruka swali hilo. Leseni yake hutambulikana kwa mtambo wenyewe utakapofika kwenye intaneti.

5. Rudisha madereva.

6. Bonyeza mara mbili faili yenye .msu na kungoja. Hatua hii huchukua muda, tena kompyuta itaomba izimwe na kuwashwa. Usiikatie umeme katikati. Ikisema kwamba sasisho haliihusu kompyuta yako, basi ama umechukua faili ya toleo jingine au ya biti nyingine, ama sasisho hilo limo tayari.

7. Endesha faili ya mlinzi.

8. Sasa, na sasa tu, unganisha intaneti. Kompyuta itatafuta mabaki, nayo yatakuwa machache.

Kwa mabaki hayo ipo njia nyingine ya kubana matumizi. Windows ina mpango uitwao Delivery Optimization, ambao huziwezesha kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja kugawana masasisho. Kompyuta ya kwanza ikivuta, ya pili hupokea vipande kutoka kwa ya kwanza, kama majirani wanaopeana moto wa kuwashia jiko. Lakini angalia sana katika kuchagua. Chagua kompyuta za mtandao wa hapo hapo tu. Ukiruhusu na zile za intaneti, bando lako laweza kutumika kuwapelekea watu wa mbali usiowajua. Tena unaweza kuiambia Windows kwamba mtandao wako hulipiwa kwa kipimo, nayo itajizuia kuvuta vitu vikubwa bila ruhusa yako.

Wenye kompyuta nyingi za aina moja wana njia ya mkato zaidi. Unaitengeneza kompyuta moja vizuri kabisa, na masasisho yake na programu zake, kisha unachukua taswira ya diski yote na kuiweka akiba. Programu iitwayo Clonezilla, iliyotengenezwa na kituo cha kompyuta cha Taiwan, hufanya kazi hiyo bure. Siku kompyuta ikiharibika, unairudisha taswira, na kwa muda mfupi iko kama ilivyokuwa. Chama chetu kimeweka taswira moja katika diski inayokaa kwenye kabati la Mwalimu.

WENYE UBUNTU

Kompyuta 2 za maktaba yetu zinatumia Ubuntu, nao wenyewe si wasahauliwe. Huko mambo ni mepesi. Vifurushi vinavyovutwa kwa amri ya apt-get huwekwa katika folda ya /var/cache/apt/archives, navyo ni vizima, havikukatwa kwa mwili wa mtu. Kabla ya kufuta, nakili faili zote zinazoishia na .deb. Ukikwisha kuweka toleo lile lile la Ubuntu upya, zirudishe katika folda hiyo, kisha agiza kusasisha. Kompyuta itavuta orodha mpya tu, na kila kifurushi itakachokikuta tayari haitakivuta tena. Lakini ziko amri mbili zinazofanana, nazo zina tabia mbili. Tangu mwaka 2016, amri fupi ya apt huvifuta vifurushi baada ya kuviweka, hali apt-get huviacha. Mwenye kutaka akiba atumie apt-get.

AKIBA HII HUZEEKA

Tumezoea kusema kwamba akiba haiozi. Akiba ya fedha na mahindi makavu ni kweli, lakini akiba ya masasisho huzeeka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi huja jipya, nalo la zamani halitoshi tena. Kwa hiyo tumefanya desturi: kila baada ya miezi mitatu zamu hubadilisha faili zilizo katika flashi, huandika tarehe juu yake kwa kalamu, na kutia sahihi katika daftari.

Na hapa sina budi kusema jambo ambalo halipendezi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure kwa watumiaji wote wa Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha katika mpango wa nyongeza. Faili ya tarehe hiyo ndiyo tuliyoiweka sisi, nayo yafaa itunzwe vizuri. Microsoft imesema kwamba orodha za mlinzi kwa Windows 10 zitaendelea hadi Oktoba 2028. Lakini orodha ya wezi haizibi ufa wa ukuta. Akiba hutunza dawa zilizokwisha kutengenezwa; haiwezi kutengeneza dawa mpya. Kompyuta zetu 6 ni za zamani, hazina kifaa cha usalama kinachodaiwa na Windows 11. Kwa hiyo Mwalimu ameamua kwamba zitumike kwa kujifunza kuchapa na kwa mazoezi yasiyohitaji intaneti, na kwamba majina ya watahiniwa na alama za mitihani visiingizwe humo kamwe. Baada ya mitihani tutajaribu kuziwekea Ubuntu. Wazazi wanaonunua kompyuta zilizotumika mjini waulize swali hili kabla ya kutoa fedha: je, inakubali Windows 11?

Neno moja zaidi la tahadhari. Msipokee masasisho kutoka kwa kila mwenye flashi. Mwizi anaweza kuipa programu yake mbaya jina zuri la sasisho. Pakueni kwa Microsoft wenyewe. Mkipewa faili na mtu, fungueni maelezo yake na kutazama sahihi ya mtengenezaji. Isiyo na sahihi ya Microsoft itupwe.

MATOKEO

Muhula huu tulizifuta kompyuta zile 6 tena, maana kazi ya kwanza ilikuwa nusu nusu. Tulipakua kila kitu kwa kompyuta moja, mara moja: toleo la 22H2, sasisho la jumla, faili ya .NET na orodha ya mlinzi. Pamoja na mabaki ya siku ya mwisho, jumla haikufika gigabaiti 7 kwa kompyuta zote. Mara ya kwanza nilimaliza gigabaiti 20 bila kupata hata moja iliyokamilika. Jumatatu iliyofuata nilikwenda mapema kuichungulia ofisi ya Mwalimu wa Taaluma. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, intaneti inafanya kazi, anasahihisha orodha ya Kidato cha Pili. Aliponiona mlangoni akauliza, "Leo napanda basi au sipandi?" Nikamjibu, "Hupandi, Mwalimu." Akacheka, nami nikaenda darasani na moyo mweupe.

Mwenye kutaka kujifunza kwa mikono yake aje chumba cha kompyuta Jumamosi baada ya usafi, na flashi yake tupu. Nawatakia wasomaji wote likizo njema.

— Katibu, Chama cha Kompyuta, Kidato cha Tatu